Jagi la Mama na Droni Yangu Iliyofufuka

Leo nimeaibika uani kwetu Mandewa, mchana kweupe, mbele ya wazee wangu wote. Naandika mwenyewe kabla hamjaona video kwenye status ya dada yangu Neema. (Ameshaituma. Namsikia anacheka chumbani.)

Mnakumbuka droni yangu ilizama Ziwa Singidani wiki mbili zilizopita, nikiwapiga picha wale ndege heroe. Niliingia majini kuitoa na suruali ya kanisani. Maji yale ni chumvi tupu, na chumvi ikikaa ndani ya mashine inakula kila kitu. Kila mtu akanishauri niifukie kwenye mchele. Nikaifukia. Nilichovuna ni punje tatu ndani ya mota, na mama, bila kujua, akaupika ule mchele. (Tulikula wote.)

Nikaachana na ushauri wa watu. Nikaifungua yote, skrubu nikazipanga kwenye kisosi, bodi nikaisuuza kwa maji ya betri yasiyo na chumvi, nikaisugua kwa mswaki na spiriti, nikaianika siku nne. Mota moja ilikuwa imeshika kutu, nikaibadilisha. Nilifanya kazi ile kwa adabu kubwa kuliko nilivyowahi kufanya mtihani wowote.

Kwa sababu kulikuwa na baba. Baba ni mwalimu mstaafu na neno lake halina marekebisho. Alisema droni ikiruka leo mbele ya baba mkubwa, nitabaki mjini na kufungua ofisi yangu ya ufundi Utemini. Isiporuka, kesho naondoka na baba mkubwa kwenda Kiomboi kulima alizeti. Baba mkubwa ndiye kaka yake, na amefika leo na basi la asubuhi. Alipokuwa anakunywa chai akaniambia jembe langu ameshalitia mpini.

Saa saba tukatoka wote uani. Neema akashika simu kurekodi. Nikaweka betri, nikawasha. Taa nyekundu. Nikahisi harufu ya shamba.

Halafu kijani!

Mapanga yakazunguka, vumbi likatimka, ikapanda! Jamani, ilipanda! Ikafika usawa wa paa, ikaenda kulia, ikarudi kushoto, inanitii kila ninachotaka. Nikapiga kelele, nikapiga magoti, machozi yakanitoka bila aibu. (Hicho kipande pia Neema anacho.) Nikamwona baba anavua miwani na kuifuta, na baba kwa kawaida hafuti miwani ovyo.

Hapo ningeishusha, leo nisingekuwa naandika haya. Lakini mimi na sifa! Nikataka baba mkubwa aone kwamba inaweza kukaa hewani peke yake, bila kushikwa. Nikaiacha juu, nikaweka rimoti kwenye kigoda, nikamwonyesha mikono mitupu. Akatikisa kichwa kwa mshangao.

Wakati huohuo mama akatoka na chakula, akanikabidhi jagi la maji na beseni nimnawishe mgeni. Ningekataaje? Nikapiga goti, nikaanza kumwagia baba mkubwa maji mikononi, huku moyoni nachagua rangi ya kibao cha ofisi yangu.

Nyuma yangu upepo ukaanza kuisukuma droni kidogokidogo kuelekea kwenye banda la kuku.

Sasa lazima muelewe malezi ya nyumba yetu. Sisi tumekua tukilinda vifaranga. Kuku akipiga ule ukelele wake wa kuonya kuna mwewe, ulichoshika mkononi kinarushwa papo hapo, maswali baadaye. Nimefanya hivyo tangu nina miaka sita. Mkono wangu hauniulizi.

Tetea wa mama akapiga ukelele.

Nikageuka. Kivuli kinapita juu ya vifaranga. Nikanyanyuka na jagi zima, maji yote, nikalirusha kwa nguvu zangu zote. Likampata! Akayumba, akagonga ukuta, akaangukia kwenye tairi lililokatwa ambamo kuku hunywea maji. Mama akapiga makofi. Mimi nikainua mikono yote miwili juu, nikashangilia kwa sauti, "Nimempata! Nimempata mwewe!"

Baba mkubwa alikuwa bado amenyoosha mikono yake iliyolowa. Akaangalia tairi, akaniangalia mimi, akauliza kwa upole kabisa, "Mwanangu, hiyo siyo ile uliyokuwa unanionyesha?"

Ndani ya tairi taa ya kijani iliwaka mara mbili, ikazima. Jogoo akasogea, akaidonoa.

Nimemfahamu baba yangu miaka ishirini na minne na sijawahi kumwona akicheka hadi anashika ukuta. Leo nimeona. Nikajitetea kwamba makubaliano yalikuwa iruke, na imeruka, wote ni mashahidi. Baba akajifuta macho akasema ni kweli, imeruka, hilo halipingi. Kibali cha Utemini ninacho, siku nitakapokuwa na droni nzima ya kuwaonyesha wateja.

Nikamshika baba mkono kumshukuru, nikijua nimepona. Ndipo baba mkubwa akakohoa, akaomba aniazime kwanza wiki mbili tu. Si kwa ajili ya alizeti, maana jembe angempa mtu mwingine. Huko kwake vifaranga wanaisha kwa mwewe.

"Mafundi wapo wengi," akasema. "Lakini mtu wa kumwangusha mwewe kwa jagi, mimi sijawahi kumwona."

Baba akakubali kabla sijafungua mdomo.

Kwa hiyo kesho asubuhi nipo kwenye basi la Kiomboi na droni yangu ndani ya khanga, kisosi cha skrubu na chupa mbili za maji ya betri. Mkinikuta stendi, salamu tu zinatosha. Na kama lazima mcheke, subirini basi liondoke, maana mama amenifungashia na lile jagi.