Ngozi ya Baiskeli ya Mholanzi

Jumanne, 9 Julai 2024

Isaya kapiga simu. Mwanangu wa kwanza, niliyembeba mgongoni mpaka akawa mzito kama gunia, anataka kunihamisha. Jumapili baada ya misa anakuja na gari kunipeleka Arusha nikaishi kwake. Eti naishi peke yangu, goti bovu, shamba limenishinda. Nikamuuliza huko Arusha nitafanya nini. Akasema nitapumzika. Kupumzika! Kwenye nyumba ambayo ukifungua dirisha unagusa ukuta wa jirani! Na kaburi la marehemu mume wangu Josephati hapo nyuma ya migomba litafyekewa na nani?

Nikamwambia siondoki, nina kazi. Akauliza kazi gani, mama. Ikanitoka tu: utalii. Nikamsikia mkewe, Lightness, anacheka kwa nyuma mpaka anakohoa. Isaya akasema haya, mama, Jumapili nikikuta hata mgeni mmoja amekaa kwako, narudi Arusha peke yangu.

Nikasema utamkuta. Simu ikakatika. Nimekwisha.

Wageni wapo. Shida ni kwamba wote ni wa Selestina, jirani yangu wa ng'ambo ya barabara. Wazungu wanapita hapa na baiskeli, kutoka Karatu kwenda Mbulu kuangalia mji wa zamani. Kofia kama nusu kibuyu, kaptura za kubana mpaka naona haya kwa niaba ya mama zao. Wanafika kwetu ulimi nje, vumbi jekundu mpaka kwenye kope. Selestina kaweka viti na birika la kahawa, wanamjaa kama inzi. Selestina! Ambaye kukaanga kahawa nilimfundisha mimi!

Jumatano, 10 Julai

Nimeamka na akili. Mzungu akitobokewa tairi mbele ya mlango wangu atakaa wapi? Kwangu. Nikakata miiba ya mgunga, nikaitawanya barabarani. Nikafuta kigoda cha Josephati, nikakiweka nje. Nikasubiri.

Wa kwanza kupita alikuwa katekista Silvanus, anawahi kumwombea mgonjwa. Matairi yote mawili, pyuu. Akaja kukaa kwangu? Wapi! Akaikokota baiskeli mpaka kwa Selestina kwenye kivuli, akaziba huku anakunywa kahawa. Akasema kwa sauti kwamba aliyemwaga miiba njiani ajue kitubio kipo kila Jumamosi. Macho yake kwangu.

Halafu wakaja wazungu, kundi zima. Wakapita juu ya miiba yangu kama wanapita juu ya mkeka. Nikamwita Vedasto, kijana wa Karatu anayewaongoza, nikamuuliza kulikoni. Akacheka, akasema bibi, tairi hizi zina dawa ndani, zikitoboka zinajiziba zenyewe.

Dunia hii! Tairi linajiponya, goti langu haliponi.

Nimefagia miiba yote. Mmoja umeingia kwenye kandambili, na mguu.

Alhamisi, 11 Julai

Mungu kanikumbuka, ila kwa njia ya ajabu.

Mholanzi mmoja, mrefu kama mlingoti wa shule, kanywa maziwa ya mgando kwa Selestina. Akasifu. Akaongezewa. Muda si muda akasimama, akashika tumbo, akaangalia huku na huku kama mbuzi aliyepotea. Choo cha Selestina kilititia tangu mvua za masika. Changu kipo, tena kina mlango! Nikampungia mkono. Alivuka barabara mbio, sijawahi kuona mgeni ananikimbilia hivyo.

Akakaa humo mpaka jua likahama. Nilipeleka kigoda karibu, akitoka akikalie. Alipotoka alikuwa mweupe kuliko alivyoingia, na gari la kumrudisha Karatu lilikwisha kufika. Limejaa mabegi, baiskeli haikupata nafasi. Vedasto akasema bibi, una banda lenye kufuli, tuwekee mpaka Jumapili, atakuwa amepona na ametoka kuangalia wanyama kwenye bonde la kreta.

Nikasema iacheni. Wakaondoka.

Nimeitazama sana. Sisi Wairaqw mtu akikuachia ng'ombe wake umtunze, mambo yanajulikana toka enzi za babu zetu. Ndama ni wa mwenyewe. Maziwa ni yako wewe unayemlisha. Hakuna haja ya kuulizana.

Baiskeli hii iko kwangu. Basi maziwa yake ni yangu. Selestina kasimama mlangoni kwake anaangalia, midomo imemkauka.

Ijumaa, 12 Julai

Keshokutwa Isaya anakuja. Asubuhi nikaiegemeza baiskeli getini, wazungu waione, wajue hapa panakaliwa. Wakapita wanapunga mkono. Vedasto baadaye akaniambia walidhani mwenzao kaja chooni tena, hawakutaka kumwaibisha.

Nikafikiri, mgeni hakai mahali pakavu. Panahitajika soda. Soda ziko Karatu, goti langu liko hapa. Nikamwita Aloyce, jirani mfuga nguruwe, nikamwambia achukue baiskeli akaniletee kreti moja. Aliinyanyua kwa kidole. Akasema mama Isaya, hiki si chuma, ni kibuyu. Nikamwambia mzungu si mjinga, akili yake yote iko humo, nenda.

Akaenda vizuri. Kurudi, mtu mwenye tamaa ni mtu mwenye tamaa. Kafunga ubao nyuma kwa mpira. Kapakia kreti langu, juu yake gunia la pumba za nguruwe wake, juu ya gunia shemeji yake Rozalia, ambaye si mwembamba. Walipofika kwenye mtaro wangu baiskeli ikakatika katikati. Kwa sauti ya muhogo.

Rozalia yuko salama, pumba zilimpokea. Chupa zimepasuka, imebaki soda moja tu ya tangawizi. Nimeinywa mwenyewe, kwa uchungu.

Aloyce anasema ilikuwa mgonjwa tangu mwanzo.

Jumamosi, 13 Julai

Sikulala. Ila mimi si mwizi wala si mtu wa kukosa adabu. Ng'ombe wa mtu akikufia, unampelekea ngozi aone kwa macho yake kwamba alikufa, hukumuuza mnadani. Nyama mnagawana na majirani kabla haijaharibika. Ndivyo tulivyolelewa.

Nikamchuna. Nimetoa kiti na mipira ya matairi, nikaosha kwa majivu, nikaanika kwenye waya, nikakunja vizuri. Hiyo ngozi. Mnyororo kapewa Aloyce, ingawa hastahili. Gurudumu la mbele kachukua Silvanus, atalifunga kisimani la kuvutia kamba. Na kitubio changu akanifutia palepale, kwa hiyo si hasara tupu. Selestina akaja kunicheka. Akasema mama Isaya, wewe umeanza kula vyuma, Arusha watakupeleka kwa madaktari wa kichwa. Nikamwambia nenda kafukue choo chako. Jioni kanirudia, sauti ya asali, akaomba kengele. Nikampa. Simnyimi jirani nyama.

Kisha nikafunga khanga zangu kwenye kitambaa. Nikaenda nyuma ya migomba, nikamwambia Josephati kesho wananichukua. Nikamwambia nilijaribu. Nikang'oa majani yote kaburini, hata yale madogo ambayo huwa nayaacha, maana sijui atakayefuata ataona nini.

Jumapili, 14 Julai

Mholanzi kafika mapema, kapona, anatabasamu. Nikamkabidhi ngozi kwa mikono miwili, kama inavyotakiwa, nikainama kidogo. Akaipokea. Akaitazama. Akaketi kwenye kigoda cha Josephati polepole kama mtu aliyeletewa habari za msiba.

Vedasto akashika kichwa. Bibi umezingua! Bibi umenimaliza! Nikamwambia acha kupiga kelele, mtafsirie. Mtoto wa Kiiraqw kabisa, ng'ombe wa kuachiwa hawajui! Nikamweleza kila kitu, ndama, maziwa, ngozi. Akatafsiri, jasho linamtoka. Mholanzi akauliza kitu. Vedasto akasema, anauliza kama iliteseka. Nikasema hapana, ilikuwa mara moja tu.

Hapo ndipo Isaya akaingia na gari. Akaniona mimi. Akamwona mzungu kwenye kigoda, kiti cha baiskeli magotini, macho mekundu.

Nikasema, si ulisema hata mgeni mmoja? Huyo hapo. Amekaa.

Isaya akasema mama, mgeni anayelia hahesabiki.

Nikamwambia hukusema asilie! Ulisema akae! Tukabishana mpaka majirani wakajaa. Isaya hakukubali. Roho ya baba yake kabisa.

Nyama ikaanza kurudishwa. Aloyce kaleta mnyororo, kanuna. Silvanus kafungua gurudumu kisimani, anasema msamaha wangu nao uangaliwe upya. Selestina akaapa mbele ya watu kwamba kengele haijui, hajawahi kuiona. Akanyoosha mkono juu kuapa, na kengele ikalia ndani ya khanga yake. Ngring! Wiki nzima, hicho tu ndicho kilichonifurahisha.

Isaya aliona aibu mpaka shingoni. Akaomba radhi, akasema mgeni na mifupa yake yote atawapeleka Karatu yeye mwenyewe. Wakapakia. Mholanzi mbele, miguu mpaka kifuani. Vedasto nyuma, na magurudumu, na vipande viwili vya mwili. Isaya akatoa vitu vyake kupata nafasi. Mwishowe nikasimama na kitambaa changu cha khanga mkononi, na mahali pangu pamekaliwa na gurudumu.

Akasema Jumapili ijayo, mama, bila kukosa. Gari likaondoka. Mholanzi alinipungia mkono, lakini mwingine ulikuwa umeshika ngozi.

Sijachukuliwa. Lakini sijashinda pia. Nimefungua khanga, nimezitundika tena msumarini.

Jumatatu, 15 Julai

Nimekwenda bandani kuangalia alichoshusha Isaya. Tairi la akiba, jipya. Na godoro kubwa, bado na nailoni yake, alilonunua njiani la kunilaza mimi Arusha. Kasema yakae kwangu mpaka Jumapili.

Yakae kwangu.

Godoro nimelitandika nje kwenye kivuli, nailoni nimeitoa. Mzungu akiona Selestina ana viti na mimi nina kitanda, atakaa wapi? Sasa hivi kuku wamelipanda, nitawafukuza.

Aloyce kapita. Mkokoteni wake wa punda umepasuka tairi, ameliona la Isaya, anauliza kama linaazimika kidogo tu, mpaka kesho.

Nimemwambia achukue. Likipatwa na lolote, Isaya ngozi yake ataipata.