Yah: Vyuma vya Mazoezi Vilivyogoma Kukua

Kwa Bi. Mwenyekiti,
Chama cha Mafundi wa Vitu Vidogo vya Alasitas,
La Paz.

Ndugu Mwenyekiti,

Pokea salamu zangu za heshima, pamoja na malalamiko yangu, ambayo heshima yake imepungua kidogo. Mimi ni Gumercindo Poma, mwandika barua wa kulipwa. Yule mwenye taipureta na mwavuli wa buluu karibu na ngazi za mahakama. Nusu ya mji huu imelalamika kwa vidole vyangu. Leo nalalamika mwenyewe.

Kisa chenyewe ni hiki. Mwaka jana kwenye sherehe ya Gran Poder nilicheza ngoma ya morenada nikiwa na vazi zima, lile la matabaka kama keki ya harusi, na kinyago juu. Ndugu yangu, lile si vazi, ni kabati. Hatujafika hata katikati ya njia, nikakaa chini kando ya mama mmoja anayechoma mishikaki. Mke wangu, Nieves, alikuwa kwenye kundi la akina mama mbele yetu, na kila kona alikuwa akigeuka kunitazama. Kona ile aligeuka akawaona wanaume wote isipokuwa mimi. Wala hakunigombeza. Tulipofika nyumbani alisema tu, "Mwakani nitacheza bila kugeuka nyuma." Iliniuma, na mpaka leo inaniuma.

Basi nikaamua kuanza kunyanyua vyuma nyumbani. Vya dukani sikuviweza. Bei yake peke yake ilinishinda kunyanyua. Jirani yangu Fortunato akaniambia, "Kaka, jaza saruji kwenye makopo mawili ya rangi, chomeka mti wa fagio katikati, kazi imekwisha." Mtu wa mahakamani kama mimi, ninyanyue makopo ya rangi? Ila wote niliowauliza walikubaliana jambo moja: anayeanza aanze na vidogo, viongezeke taratibu. Kwa hiyo tarehe ishirini na nne Januari nilikwenda kwenye soko lenu la Alasitas, siku ya kubariki vitu vidogo, nikanunua vidogo kuliko vyote: jozi inayoenea kwenye kiganja, imepakwa rangi ya fedha, kazi safi kabisa. Saa sita mchana mganga akavifukiza na kuvinyunyizia pombe. Nikavitundika mgongoni kwa Ekeko wetu, kile kisanamu cha neema kinachovuta sigara, pale sebuleni, katikati ya mizigo yake mingine, nikamwashia na sigara. Tangu hapo:

1. Havijakua. Kila mtu anajua kwamba kitu kidogo kikibarikiwa mchana ule, kikubwa chake kinafuata. Fortunato alinunua kijumba cha plasta, na sasa anaezeka ghorofa. Naambiwa matofali alifyatua mwenyewe usiku na mchana, lakini hayo ni mambo yake na familia yake.

2. Muuzaji wenu, dada mwenye kofia ya kahawia, nilipomrudia alinicheka mbele za watu. "Mjomba, kwani umewahi hata kuvinyanyua?" Jamani! Nivinyanyue vipi wakati bado nasubiri vikue?

3. Kwa kuwa sina vyuma, nyumbani naonekana sina kazi. Mama mkwe wangu, Mama Primitiva, anauza viazi sokoni, na sisi tunakaa juu kabisa ya ngazi zinazoanzia pale gari linapoishia. Alinikuta nimekaa mbele ya Ekeko nikisubiri, akasema, "Baba, huyo mwenzio kabeba dunia nzima mgongoni na hajakaa chini. Hebu njoo ushike gunia." Toka siku hiyo kila alfajiri nashusha magunia, na jioni napandisha yaliyobaki. Mwanzoni nilikuwa napumzika kwenye kila mlango hadi mbwa wakanizoea. Sasa ameniongezea gunia la pili, eti moja nalibeba huku napiga mluzi, na mluzi wangu unamkera.

4. Gari la gesi likigonga mitungi kule chini, bibi wote wa ngazi yetu wanaita jina langu. Zamani walikuwa wananiita "bwana karani." Siku hizi ni "Gumercindo, mwanangu, na huu wangu!" Mtu anayesubiri vyuma vyake apate wapi nafasi ya kusubiri kwa utulivu?

5. Mashati yangu ya kazini yamepasuka mabegani. Nashuku sabuni, lakini muda wa kuichunguza sina, kwa sababu ya namba 3 na namba 4.

Kwa hiyo naomba: ama mvikuze vyuma hivi kabla ya Gran Poder, ama mnipe cheti chenye mhuri kinachosema kwamba sikushindwa mimi, ilishindwa bidhaa, nikamwonyeshe Nieves. Maana nikikaa chini tena safari hii, sitakuwa na mtu wa kugeuka kunitazama, na hilo hakuna chama kitakachonifidia.

Nisalimie mafundi wote na watoto wao. Yule dada wa kofia msalimie pia, ila awe wa mwisho.

Wako katika kusubiri,
Gumercindo Poma

Tanbihi: Ili muone ninavyoteseka, jana nilivaa vazi zima na kinyago chake nishuke kwa mpiga picha, nipigwe picha ya ushahidi nikiwa chini, hoi. Nieves alitangulia. Tulipofika, nikapigwa picha nimesimama, kisha tukapanda kurudi. Kona ya kwanza akageuka. Ya pili akageuka. Mlangoni akageuka tena, akanikuta nyuma yake namuuliza kama kuna supu. Akaanza kulia, na mimi bahati nzuri nilikuwa na kinyago. Ndipo nilipokumbuka kwamba sikukaa popote. Picha haifai tena kwa ushahidi. Mama Primitiva anasema barua hii niichane, lakini nimeichapa vizuri mno. Naituma pamoja na vyuma vyenu. Mpeni mwingine anayeanza, ila msimpe hivi hivi. Mtafutieni na mama mkwe.