Mchumba wa Bwana Mkubwa

Jumatatu, 4 Mei

Daktari ameondoka leo kwenda kwenye mafunzo ya siku tano. Kliniki yetu ya meno amemwachia Nesi. Mimi, mtu wa mapokezi kwa miaka sita, nimeachiwa samaki.

Sijakasirika. Hata kidogo. Nimevunja kalamu mbili tu.

Samaki mwenyewe anaitwa Bwana Mkubwa. Ni dume la beta, samaki mdogo wa mapambo, bluu, mapezi marefu kama mapazia ya ukumbini. Anakaa peke yake kwenye tangi la kioo, pembeni ya meza yangu ya mapokezi. Daktari anampenda kuliko anavyotupenda sisi. Amesema nimlishe chembe tatu asubuhi, tatu jioni, basi. Halafu, akiwa na mguu mmoja tayari ndani ya gari, akasema kwamba akirudi Ijumaa atamtaja msimamizi mpya wa kliniki. Nesi akainamisha kichwa kwa unyenyekevu. Unyenyekevu wa maonyesho! Namjua huyu.

Nimemtazama Bwana Mkubwa mchana kutwa. Mpweke, maskini. Anapuliza povu na kulikusanya juu ya maji. Nikamuuliza Nesi ni ugonjwa gani. Akasema si ugonjwa, hicho ni kiota: dume la beta hujenga kiota cha povu likiwa tayari kupata watoto.

Loo! Mwenyewe kanipa silaha mkononi. Daktari akirudi akakuta watoto mia wanaogelea, usimamizi utakwenda kwa nani? Kwa mdunga sindano, au kwa mleta uhai?

Jumanne, 5 Mei

Saa ya chakula nimekimbia dukani kwa muuza samaki wa mapambo. Nimechagua jike. Mdogo, rangi ya chai ya maziwa, mapezi mafupi, macho ya haya. Nimempa jina: Bi Mpole.

Mzee wa duka akaniuliza nina matangi mangapi. Moja, nikasema. Akaukumbatia kifuani mfuko wa maji wenye Bi Mpole kama anayenyang'anywa mtoto. Alisema dume na jike la beta hawakai nyumba moja. Huwekwa kila mmoja na tangi lake, waonane kwanza kupitia kioo siku kadhaa. Hukutanishwa kwa muda mfupi, mtu akiwa amesimama hapo hapo, kisha jike huondolewa. Ukiwaacha, watatafunana.

Nikamwambia, mzee wangu, mimi nimeoa miaka kumi na moja, ndoa naijua.

Akanitazama. "Mwanangu, mkeo akikasirika huenda chumba cha pili. Huyu ataenda wapi?"

Watu wa maduka wanapenda kutisha wateja. Nimeondoka na mfuko wangu.

Nyumbani mke wangu ameuliza kama huyo Bwana Mkubwa alimtuma mtu kumposea. Mke wangu hana jicho la uongozi. Kisha akachukua mto wake akaenda chumba cha pili, kwa sababu nilikuwa nimeweka mfuko wa Bi Mpole upande wake wa kitanda, apate joto.

Jumatano, 6 Mei

Nimefika kabla ya Nesi. Nimemmimina bibi harusi majini, taratibu, kwa heshima zote.

Bwana Mkubwa alipomwona alifura mashavu, akatandaza mapezi yote, akatetemeka mwili mzima. Mapenzi ya kuona mara ya kwanza! Machozi yalinilenga.

Saa nne na dakika kumi akampiga kichwa ubavuni. Nikasema, mzaha wa wachumba. Saa nne na robo alikuwa akimkimbiza kuzunguka tangi zima, na magamba mawili yakaelea juu.

Kwenye benchi alikuwapo mama mmoja mwenye jino bovu, shavu limevimba kama andazi. Akaniambia yule samaki anamuua mwenzake. Nikamjibu kwamba ndoa changa ina mambo yake. Akasema, kwa taabu, kwamba yake nayo ilianza hivyo hivyo, na leo anaishi kwa dada yake.

Nesi akapita na trei yake, akasimama. Akasema tuwatenganishe sasa hivi. Akaleta hadi mtungi safi wenye maji ya vuguvugu. Nikakataa. Mtungi wa Nesi ni mtego! Akimwokoa samaki, sifa ni zake. Subira huvuta heri.

Alasiri heri ikavutika vibaya. Bi Mpole, yule wa macho ya haya, aligeuka ghafla akang'ata mkia wa Bwana Mkubwa. Kipande kikatoka. Akamfuata tena. Akamng'ata tena! Sasa bwana ndiye anayejificha nyuma ya jani. Usimdharau mtu mfupi.

Jumamosi, usimamizi ukiwa wangu, nitayacheka haya. Leo bado.

Alhamisi, 7 Mei

Nimeamka na mpango. Wanandoa wakigombana, wape adui mmoja.

Nimechukua kile kioo kidogo chenye mpini, cha kutazamia meno ya nyuma, nikakibandika ukutani mwa tangi. Bwana Mkubwa akaona dume mwingine. Akafura! Akakivamia! Nikapiga makofi. Akagonga kioo mara sita, pua ikamuuma, akageuka na hasira zote akammalizia mkewe. Mkewe akamlipa papo hapo. Nikakiondoa.

Mpango wa pili: ukuta. Nimetafuta picha ya zamani ya eksirei, taya zima la mzee fulani, nikaikata, nikaisimamisha katikati ya tangi kwa plasta. Imekaa barabara. Kila mtu na upande wake, na katikati meno ishirini na saba yanacheka. Mgonjwa wa saa sita aliyaona, akakumbuka ana safari.

Sawa. Amani ilidumu hadi nilipofungua kifuniko kuwapa chakula. Bi Mpole akaruka. Akapita juu ya ukuta, akapita juu ya ukingo, akatua kwenye daftari la miadi, juu kabisa ya Ijumaa saa tatu. Nilipiga ukelele uliomfanya Nesi amwache mtu mdomo wazi. Nikamchota kwa kijiko cha chai, nikamrudisha haraka.

Upande usio wake.

Nilipomtoa kila mmoja kwenye meno ya mwenzake, Bwana Mkubwa alikuwa na nusu ya mkia. Alilala chini kwenye changarawe, akihema pole pole. Nilimwita jina. Nilimgongea kioo cha tangi. Hakufura hata kidogo. Nikaketi na chembe zangu tatu mkononi, na nitasema ukweli hapa maana hakuna anayesoma: niliogopa. Si kwa ajili ya usimamizi. Kwa ajili yake.

Lakini mwanaume hakati tamaa. Kesho watazoeana.

Ijumaa, 8 Mei

Hawajazoeana.

Nesi amefika, ametazama, hakuniomba ruhusa. Amemtoa Bi Mpole akamweka mtungini. Amebadilisha maji ya tangi, amepima joto kwa kiganja, amemwekea Bwana Mkubwa jani la kujilaza karibu na juu. Hakusema neno. Heri angesema.

Daktari ameingia saa sita, moja kwa moja hadi kwenye tangi. Meno ishirini na saba, ambayo Nesi aliyatoa majini, bado yalikuwa mezani pangu. Akauliza taya hili ni la nani.

Nikasema ni habari ndefu. Nikaongeza kwamba mambo ya watoto aliyaanzisha Nesi. Nilijisikia mdogo kuliko chembe, lakini neno lilikwisha kutoka.

Nesi angeweza kunimaliza. Akasema tu kwamba wote wawili wanapumua, na mapezi huota tena maji yakiwa safi, "mradi asisaidiwe tena."

Daktari akanigeukia. "Nilikuachia kazi moja."

Nesi ndiye msimamizi. Bi Mpole anahamia kwake, tangi lake mwenyewe. Amri ya kwanza ya msimamizi mpya: niubebe mtungi hadi kwenye gari. Njia nzima Bi Mpole alinikodolea macho. Hayakuwa ya haya.

Jumatatu, 11 Mei

Bwana Mkubwa amekula. Mkiani kumechomoza ukingo mwembamba, mweupe, mpya. Nimeuona kwa mbali, maana nimekatazwa kulikaribia tangi. Meza yangu imehamishiwa ukumbi wa nyuma, mbele ya stoo.

Si kitu. Huku nyuma mtu anaona mengi. Leo nimegundua kwamba mlinzi na mama wa usafi hawajasemeshana miaka miwili kwa sababu ya feni. Wakikutana mlangoni, mmoja hugeukia ukuta. Watu wazima! Na kumbe shida yao ni ndogo: hawajawahi kupata nafasi ya kukaa wawili tu, mahali padogo, wakaelewana. Msimamizi mwenye akili angelitambua hilo siku nyingi.

Stoo ina mlango mmoja. Komeo liko nje.

Nimewaita wote wawili saa saba kamili, kila mmoja kwa sababu yake. Mlinzi ameuliza kama aliache rungu lake nje. Nimemwambia hakuna haja, aingie nalo tu.