Kisiwa cha Bibi Mwanakombo

Jamani, hii hamtaiamini, ila video ninayo: huku Goba kumegunduliwa kisiwa!

Sio utani. Idara ya Visiwa vya Bara ilipita na gari la kipaza sauti kututangazia. Kisiwa kina shamba, kina utamaduni asilia, kina urithi wa maumbile. Shamba ni mihogo ya Bibi Mwanakombo. Utamaduni asilia ni Bibi mwenyewe, Mzaramo wa hapahapa bondeni. Urithi wa maumbile ni vyura.

Wenye wivu wakasema eti ni dimbwi tu, limezunguka nyumba na shamba la Bibi baada ya idara kumwaga kifusi kwenye mtaro wa nyuma. Bibi naye alikuwa haishi kwenda ofisini kwao: "Wanangu, nizibulieni mtaro, mihogo yangu inaoza." Wakamwambia mtaro ni mali ya idara, raia asiuguse. Halafu, kwa kumjali, wakamwekea kibao: NI MARUFUKU KUPUNGUZA MAJI YA KISIWA.

Mie nikateuliwa Msemaji wa Kisiwa. Sifa: nina bando.

Siku ya uzinduzi akaja Afisa Venance na suti yake, tukamvusha ndani ya simtanki la maji lililokatwa nusu. Akatuhutubia mie, Bibi na kuku: "Kuanzia leo, mgeni yeyote atakayekanyaga hapa atafuata mila za wenyeji, hata awe bosi wangu!" Tukapiga makofi. Nikarekodi.

Mvua nayo ikahudhuria. Simtanki likasombwa, likaenda zake bila kibali. Venance akapiga simu idarani wamfuate. Wakamjibu Idara ya Visiwa haina chombo cha majini.

Basi akalala kwa Bibi, nami pia. Bibi akamkirimu kama mkwe: mihogo ya nazi, chai ya tangawizi, kanga ya kujifunika. Siku ya tatu asubuhi, Venance akakuta jembe mlangoni.

"Bibi, hiki nini?"

"Shikamoo huwaga inatangulia."

"Shikamoo Bibi. Hiki nini?"

"Marahaba, baba. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Ndo mila yenyewe."

"Bibi, mie afisa!"

"Najua, ndo maana nimekupa lenye mpini mpya."

Bibi akanigeukia: "We Msemaji, hebu mweleweshe."

Kwa weledi mkubwa nikamchezeshea hotuba yake. Tena nilikuwa laivu, bosi wake keshaandika pale chini: "Safi Venance! Shiriki utamaduni!"

Akalichukua jembe. "Haya, nilime wapi?"

Bibi akamwonyesha kifusi. "Pale. Mie raia siruhusiwi kupagusa, ila wewe si mwenye mali?"

Kalima huyo! Suruali kakunja, tai kaitupa begani, vyura wanamshangilia. Adhuhuri kifusi kikaachia. Maji yakatoka mbio korongoni, yakabeba na kibao. Alasiri Bibi anavuka na ndala zake, kabeba mihogo iliyopona, na Venance anarudi mjini kwa miguu, afisa wa visiwa asiye na kisiwa.

Sasa nimeletewa meseji: bosi kafurahishwa na ile laivu iliyokatika kabla kifusi hakijaachia, kesho anakuja na ujumbe mzito, watalala Kisiwani siku tatu. Bibi keshaazima majembe kwa majirani. Kasema choo chake kipya bado hakijachimbwa.

Eti ndugu msomaji, ungekuwa wewe ndo Msemaji, ungewatonya, au ungechaji simu?