Nilivyowafuta Wake Wakubwa wa Usenge

Jamani, leo nimeaibika. Tena si ile aibu ya kujifungia chooni dakika tano ukatoka. Ni aibu ya maikrofoni, mbele ya ufuo mzima wa Usenge. Nawasimulia mwenyewe kabla hamjasikia kwa wengine, maana najua kuna mtu alikuwa anarekodi.

Mnaijua kazi yangu. Ninakaa ofisini Kondele, juu ya duka la magodoro, nikichambua data za mradi unaosaidia akina mama wanaoanika omena, wale dagaa wa ziwani. Leo ilikuwa siku ya mwisho ya miezi yangu mitatu ya majaribio. Mkataba wa kudumu ulikuwa tayari ndani ya bahasha ya kaki, na bahasha ilikuwa kwenye mkoba wa bosi wangu, Bwana Jaspal. Ilibaki sahihi yake tu. "Tugawe vichanja Usenge vizuri," aliniambia wiki iliyopita, "halafu nitasaini huko huko ufuoni."

Vichanja ni zile meza ndefu za wavu za kuanikia omena, ili wasilale mchangani na kuku wasijihudumie. Kila nyumba inapata kimoja. Vijana waliokwenda kuandikisha akina mama waliniletea orodha ya watu sitini na wanne, na leo asubuhi nilipoifungua, nikaona mambo. Bi. Ogola, mara tatu. Namba ya simu ile ile. Siku ile ile, wamepishana dakika kumi kumi. Bi. Owino, mara mbili. Bi. Okoth, mara nne! Majina ya kwanza tu ndiyo yalitofautiana. Huyu Bi. Ogola alikuwa Plista, halafu Rose, halafu Lilian. Nikajiambia ni mama mmoja mwenye jina la ubatizo, jina la shule na jina la chama. (Mimi mwenyewe nina majina manne. Niliona nimefikiria sana.)

Nikasema hii data imejirudia, na dawa yake hata mwanafunzi wa mwezi wa kwanza anaijua. Nikaandika query, yaani ile amri ya kuiambia kompyuta ikuchagulie unachotaka. Nikaiambia iwakusanye wote wenye jina moja la ukoo na simu moja, iwahesabu kama mtu mmoja, na ibaki na rekodi iliyoandikwa mwisho, kwa sababu ya mwisho ndiyo iliyosahihishwa. Mistari sita. Nikabonyeza. Sitini na wanne wakawa arobaini na mmoja. Nilijisikia vizuri mpaka nikazunguka na kiti.

Bwana Jaspal akaja kuchungulia. Ni wa familia ya Masikh wa hapa hapa Kisumu, babu yake aliuza misumari mjini kabla baba yangu hajazaliwa, na Kidholuo chake ni kizuri kuliko changu.

"Hawa ishirini na watatu wameenda wapi?" akauliza.

"Walikuwa wamejirudia, Bwana. Nimesafisha."

"Umepigia mmoja wao simu ukauliza?"

"Hakuna haja. Query haidanganyi."

(Naomba sentensi hiyo isisomwe siku ya mazishi yangu.)

Akasema sawa, mwenye data ni mimi. Lori likapakiwa vichanja arobaini na kimoja, vingine vikabaki stoo, tukaondoka saa tatu.

Usenge walitupokea vizuri sana. Hema limesimamishwa, viti vya plastiki vimepangwa. Akina mama watu wazima, wenye vitambaa vizuri vya kichwa, walikaa mstari wa mbele. Wadogo walikaa nyuma. Wazee wa kiume walikuwa kando, kwenye kivuli chao. Nikapewa maikrofoni nisome majina.

Ningesoma tu majina, leo ningekuwa na amani. Lakini bosi alikuwa pale, na bahasha ilikuwa pale. Nilitaka sifa.

"Akina mama," nikasema, "nataka mjue hii orodha nimeitengeneza mimi, kwa mkono wangu. Ilikuwa imejaa watu ambao hawapo. Nimewaondoa wote!"

Walinipigia makofi. Mama mmoja wa mbele, mwenye kitambaa cha kijani, alipiga kuliko wote.

Nikaanza. "Bi. Lilian Ogola." Msichana mmoja akainuka mstari wa nyuma kabisa, akaangalia kushoto na kulia, akapita mbele macho chini. "Bi. Everline Owino." Nyuma. "Bi. Sharon Okoth." Nyuma tena, na huyu alikuja anakimbia. Kufika jina la kumi nikagundua kwamba katika mstari wa mbele hakuna hata mmoja aliyesimama. Makofi yalikuwa yamekwisha zamani. Upande wa wazee, mzee mmoja alianza kuvuta kiti chake nyuma, polepole.

Mama wa kitambaa cha kijani akasimama.

"Nyathina," akasema, yaani mwanangu, kwa sauti ya upole iliyonitisha, "hiyo jina ya Ogola, hebu rudia."

"Bi. Lilian Ogola, mama."

"Na Plista?"

"Plista ni... ni huyo huyo, mama. Ni Lilian."

Akageuka. Lilian alikuwa amekumbatia kichanja chake.

"Lilian, wewe ni mimi?"

"Hapana, mama," Lilian akajibu, karibu asisikike.

Mama Plista akamgeukia yule mzee wa kiti. Ndiye alikuwa Mzee Ogola. "Ni wewe umewaambia una bibi mmoja?"

"Mimi?" Mzee aliinua mikono yote miwili. "Mimi niliwapatia namba yangu ya simu, nikawaonyesha nyumba zote tatu. Walianza kwa mikayi, wakaenda kwa nyachira, wakamalizia kwa reru. Vile inatakikana."

Hapo ndipo jasho liliponitoka. Mikayi ni mke wa kwanza, nyachira wa pili, reru wa tatu. Wale vijana wetu wamelelewa. Ukiingia kwenye boma la mtu huanzi na nyumba ya mke mdogo, unaanza na mikayi, unashuka kwa utaratibu. Na mimi nimeiambia kompyuta ibaki na wa mwisho. Si katika boma moja, ni katika kila boma! Nilikuwa nimewataliki wake wakubwa wote wa ufuo ule kwa mistari sita, na nyachira kadhaa nao wakaenda na maji.

Bwana Jaspal akanisogelea, akaninong'oneza kwa Kidholuo kilichonyooka akiuliza kama mimi ni Mjaluo kweli au nilidanganya kwenye maombi ya kazi.

Nikajaribu kujiokoa. "Akina mama, poleni, si mimi, ni kompyuta."

"Si umesema ni mkono yako?" akauliza Mama Plista. "Wewe ni wa wapi?"

"Awasi, mama."

"Baba yako iko na nyumba ngapi?"

Ningeweza kudanganya. Lakini alikuwa ananitazama. "Tatu."

"Na wewe umetoka nyumba gani?"

Maikrofoni bado ilikuwa mdomoni. "...Ya tatu."

Jamani. Ufuo ulilipuka! Akina mama walicheka mpaka vitambaa vikaanguka. "Mtoto wa reru!" mmoja alilia, anajipiga mapaja, "amelipiza kisasi cha mama yake!" Watu wakaacha mashua wakaja kuuliza kuna nini, wakasimuliwa, wakacheka upya. Lilian alikalia kichanja chake kwa kukosa nguvu. Mimi nilikuwa naapa kwamba mama yangu hajui chochote, na kila nikiapa wanazidi.

Walipochoka, Mama Plista akaja kukaa na mimi kwenye kreti lililopinduliwa, nikafungua laptopu magotini. Nikaongeza safu moja, "nyumba", na yeye akanitajia boma kwa boma, nani ni wa kwanza, nani wa pili, bila karatasi. Sitini na wanne wakarudi wote. Hakuna aliyekuwa amejirudia. Hata mmoja. Kuhusu vichanja ishirini na vitatu vilivyobaki stoo, alikata shauri pale pale: Lilian akae na hicho alichonacho, ila omena wa mikayi wanatangulia kuanikwa mpaka kingine kifike.

Bwana Jaspal akatoa bahasha ya kaki. Akasaini mkataba mbele yangu. Nikanyoosha mkono. Akanipita, akampa Mama Plista.

"Mama, utampatia huyu siku nyumba zote zitakuwa na vichanja."

Mama Plista akaukunja mara nne, akautia kifuani, mahali ambapo hakuna query itakayoufikia.

Nimefika nyumbani sasa hivi. Mama mkubwa, yaani mikayi wa baba, ameshapiga simu kutoka Awasi kuniuliza kama yeye bado yumo. Kesho ninarudi Usenge na lori, nishushe vichanja vyote kwa mkono wangu huu huu niliojisifia. Tafadhali msicheke. Na anayetaka kucheka, aanze kwa kusema mama yake ni wa nyumba ya ngapi.