Sahani Moja Yatosha

Jumatatu, 3 Machi
Nimeamua. Kuanzia leo naishi kwa mpangilio. Chumba changu hapa Kitale ni kimoja, na nimekijaza vitu vya nyumba nzima: makochi, meza, sufuria za kila saizi, magunia ya mahindi ya mama kutoka Sirisia. Kufika mlangoni natembea kwa ubavu. Jumapili mchumba wangu Nasambu anakuja na shangazi yake, Mama Nakhungu, kutoka Bungoma. Ndiye aliyemlea. Akisema hapana, hakuna harusi. Lazima aone mwanamume mwenye nafasi. Si kama jirani yangu Bethwel, mwalimu mzima anayekalia jerikeni ya maji.

Jumanne, 4 Machi
Nimetazama video ya mtu mwenye sahani moja, kikombe kimoja, kiti kimoja. Uso wake umetulia sana. Nami nimebaki na hivyo tu, na kitanda na kisufuria kimoja. Vingine vyote nimempa Bethwel. Ameniuliza kama niko sawa kiafya. Nikamwambia nimevishinda vitu. Akasema sawa mkubwa, tayari kochi liko begani.

Alhamisi, 6 Machi
Chumba kinatoa mwangwi. Raha! Bethwel amenialika chai. Makochi yangu ameyatandika vitambaa vyeupe vya kufuma. Ushamba mtupu. Nimeketi sakafuni kwa msimamo, mgongo ukauma.

Jumapili, 9 Machi
Siku mbaya. Shangazi ameingia na jogoo kwapani, zawadi. Nikampa kile kiti. Nasambu akasimama, mimi nikachuchumaa. Shangazi akazungusha macho ukutani, akaniuliza kwa huruma, "Mwanangu, wezi walikuja lini?"

Nikamweleza kuhusu kuishi kwa urahisi. Akasema pole sana.

Kisha jogoo. Kisufuria nilichobakiza kinatosha yai tu. Bethwel, ambaye hakuna aliyemwita, akachungulia mlangoni, akasema basi waje kwake, kuna nafasi. Wakaenda! Jogoo ameiva ndani ya sufuria yangu kubwa, akapakuliwa kwenye sahani zangu, kwa ugali wa mahindi ya mama yangu. Shangazi ameegemea kochi langu, akisifu ati huyu mwalimu amejipanga.

Halafu akaokota firigisi. Kwetu firigisi ni ya mwenye nyumba, kila mtu anajua. Nikanyoosha mkono. Mkono wake ukapita mbele ya pua yangu, ukaiweka kwenye sahani ya Bethwel. Akaila bila aibu. Nasambu alitazama chini. Mimi nikapewa shingo.

Nimeumia. Sijui niseme vipi, nimeumia tu.

Jumanne, 11 Machi
Ujumbe kutoka kwa Nasambu. Shangazi anauliza kama yule mwalimu ana mke. Nasambu anasema si yeye aliyemtuma aulize. Hajasema alimjibu nini. Nimempigia, hashiki.

Nimelia kidogo. Kisha nimefikiri kwa utulivu, na kosa nimeliona. Ni kile kiti. Shangazi asingepata pa kuketi, asingepata muda wa kuchunguza ukuta. Nililegeza msimamo, nikaadhibiwa.

Jioni nimempelekea Bethwel hicho kiti. Amekipokea kwa mikono miwili. Ati kimekuja wakati mzuri, Jumapili ana wageni kutoka Bungoma.

Kesho nampelekea kitanda.