Ndege Mbili kwa Uwanja

Jumatatu, 14 Februari 1972

Wiki imeanza vizuri. Jumamosi nitaitwa Kapteni. Kampuni yetu inataka rubani mmoja wa kupeleka watalii mbugani, na wanafunzi tuko wawili: mimi, Wahome wa Ruring'u, na Gatimu wa Murang'a. Kila mmoja ataruka peke yake, azunguke, atue. Atakayetua vizuri atapewa kiti. Mwingine aende kwao. Kwangu mimi hiyo maana yake ni Kagio, kwa shemeji Gicheru, kupima nyanya sokoni. Nilishazipima mwaka mzima. Sirudi.

Mama ameshawaambia wanawake wa kanisa kwamba mimi ni Kapteni. Sikumkataza. Amewahi siku chache tu.

Leo mwalimu wetu, Kapteni Ireri, mtu wa Embu, mfupi, mchoyo wa maneno, ametufundisha habari ya ndege wenye mabawa ya manyoya. Ukikutana nao ungali juu, inua pua upite juu yao, maana ndege akishtuka hupiga mbizi kwenda chini. Ukiwa umeshakaribia ardhi, usikwepe. Nyooka, tua, shika breki polepole. Alisema afadhali ugonge kanga kuliko ugonge mti. Gatimu aliandika kila neno. Mimi sikuandika. Akili ya kawaida haiandikwi.

Wakati wa chai mwewe alishuka akampokonya Gatimu andazi mkononi. Gatimu akajitupa chini ya meza. Nilimtazama pale chini nikapata wazo.

Jumanne, 15 Februari

Wazo bado linaiva. Kwanza nimeshughulika na Murugi.

Murugi ndiye anayekaa na redio kwenye kibanda cha kiwanja. Yeye hutuambia kama njia iko wazi. Msichana mwema, wa Kirinyaga, lakini Kiswahili chake kinaniuma meno. Leo kanga walikuwa wakivuka njia, naye akatangaza: "Kuna ndege mbili kwa uwanja." Nilimwendea. Nikamweleza kwa upole kwamba ndege wa manyoya ana uhai, kwa hiyo ni ndege wawili. Ndege ya injini haina uhai, kwa hiyo ni ndege mbili. Nikamwambia tofauti hiyo siku moja itaokoa maisha ya mtu. Akaniuliza kama kuna kanga amelalamika.

Kapteni Ireri alikuwa anapita. Akasema Murugi aseme tu "kanga", yaishe. Huo ni uvivu. Mimi Kiswahili nilifundishwa na mwalimu wa kutoka Lamu, sikukiokota stendi. Nilikaa kibandani mpaka Murugi akakubali: wawili ni manyoya, mbili ni injini. Alikubali, akakubali tena, akaniomba niende nikale.

Jumatano, 16 Februari

Wazo limeiva. Gatimu anaogopa ndege. Kwa hiyo Gatimu apewe ndege.

Nimechukua mahindi yaliyobunguliwa katika stoo ya Mama nikayamwaga pale magurudumu yanapogusia ardhi. Kila asubuhi nitafanya hivyo. Kufika Jumamosi kanga watakuwa wamezoea kula pale. Gatimu atakuja kutua, atawaona, atajitupa chini ya kiti. Kwa alfabeti yeye anatangulia, G kabla ya W. Atawatimua wote kwa kelele zake, na mimi nitakuta njia safi. Sioni mahali mpango huu unapovuja.

Gatimu alinikuta na gunia. Nikamwambia nafanya utafiti. Akasema vizuri.

Alhamisi, 17 Februari

Kanga wamekuja, na ni wengi. Shida ni ndogo tu: wamenizoea mimi badala ya kuzoea mahali. Nilipomaliza kumwaga mahindi nikaenda ofisini, nao wakanifuata hadi mlangoni kwa mstari. Nilipoingia chooni walinisubiri nje. Gatimu alisema hajapata kuona mchungaji mwenye kundi tiifu namna hiyo. Wivu.

Kapteni Ireri aliuliza kwa nini mwezi huu kanga wamezidi. Nikasema ni kiangazi. Akaenda zake.

Ijumaa, 18 Februari

Kapteni ameamuru kanga wafukuzwe kabla ya mtihani. Nikajitolea kuongoza kazi hiyo, ili ifanyike vibaya. Nilipiga debe upande wa pili kabisa wa kiwanja, kwa bidii, mpaka mikono ikauma. Kanga walikuja kuona kuna nini.

Mama amepiga pasi shati langu jeupe. Nimefanya mazoezi ya kushuka kwenye ngazi ya nyumba nikiwa na uso wa mtu aliyezoea.

Jumamosi, 19 Februari

Naandika kwa taabu. Mkono una bandeji.

Asubuhi wanawake wa kanisa walikuwa wamejipanga kwenye ua, Mama mbele. Mwenye kampuni naye alikuja, akakaa na Kapteni Ireri kwenye viti kando ya njia, mbali na redio. Nikamgeukia Gatimu nikamtakia heri. Hapo Kapteni akaita: "Hezekiah."

Sikuelewa mara moja. Kapteni Ireri ni mzee wa kanisa, na watu huwaita kwa majina ya ubatizo. Gatimu ni Zachary. Mimi ni Hezekiah. H kabla ya Z. Sijawahi kulionea uchungu jina langu kama leo.

Hata hivyo sikutishika. Niliruka vizuri mno. Kanga walikimbilia majanini kwa mlio wa injini, nikasema basi, kazi imekwisha. Nikazunguka. Mlima ulikuwa umetoka wote, mweupe juu. Nikageuka kuja kutua, ndipo redio ikasema: "Wahome, usitue. Ndege mbili kwa uwanja."

Mbili. Injini! Nilifurahi sana kwamba somo langu limemwingia. Nikainua pua nikapita. Nilitazama chini, sikuona ndege yoyote. Nikajua zimeegeshwa nyuma ya mikaratusi. Labda wageni kutoka Nairobi.

Nikauliza kama zinaondoka. Murugi akasema: "Bado. Zinakula."

Zinajaza mafuta, hiyo ni kawaida. Nikazunguka tena. Nikauliza ni za nani. Akajibu kwa hasira kidogo: "Si ni zako! Zinakungoja wewe."

Machozi yalinilengalenga, sifichi. Mwenye kampuni ameninunulia ndege mpya kabla hata sijatua. Ndiyo maana alikuja mwenyewe. Nikamwambia Murugi awaambie marubani wa ndege hizo wanisubiri. Akauliza marubani gani. Kisha akasema sasa zimekuwa nyingi, zimejaa. Nikafikiri, jamani, hata Nairobi hawana nyingi hivyo. Kagio nikaiona ndogo na ya mbali, na shemeji Gicheru na mizani yake.

Niliiona njia iko wazi, ya kijivu, tulivu. Nikashuka. Murugi alikuwa anasema kitu lakini mtu hawezi kusikiliza kila kitu siku kama hiyo. Nikakaribia ardhi. Ndipo ule ukijivu wote ukainua shingo ukanitazama.

Kanga. Kiwanja kizima cha kanga. Hawakukimbia. Walinitambua.

Maneno ya Kapteni yalinijia: usikwepe. Yalinijia vizuri kabisa, lakini yalimkuta mtu ameshakwepa. Bawa lililala, gurudumu likatoka njiani, tukapita kwenye pengo la ua wa upande wa pili, tukaingia katika viazi vya jirani, Mzee Wamae. Tukasimama. Ndege haikuvunjika hata taa. Mimi nilichanwa na seng'enge nikishuka, na sikushuka kwa ule uso niliofanyia mazoezi. Kanga walikuja nyuma yangu hadi kwenye viazi, wote. Wanawake wa kanisa walikuwa wamefumba macho wakiomba. Mama peke yake alikuwa anapiga makofi, akidhani hapo ndipo tunapotua siku zote.

Nilimwendea Murugi nikamuuliza ngeli zake ziko wapi. Akasema aliogopa, na akiogopa Kiswahili kinamtoka vile kilivyoingia. Akaanza kulia, akasema alifikiri ananiona nakufa. Nikamwambia si kitu. Kweli nilimhurumia, lakini sarufi ni sarufi.

Kapteni Ireri alikagua ndege mwenyewe, gurudumu kwa gurudumu, kisha akarudi njiani akainama akaokota punje. Akauliza mahindi yametoka wapi. Nikasema upepo wa mlima huleta vitu vingi. Akauliza kama upepo huo pia huyapukuchua.

Vijana wa Mzee Wamae wakaisukuma ndege kurudi njiani, ikakaguliwa tena, Gatimu akaruka. Safari hii Murugi alisema "kanga". Kundi lilikuwa limeruka, naye Gatimu alikuwa bado juu. Akainua pua, akapita juu yao, wao wakazama chini pande zote, akazunguka, akaja akatua bila hata kutimua vumbi. Watu walipiga kelele. Amepewa kiti. Sielewi wanasifu nini. Kijana amenakili tu alichofundishwa.

Jioni nilifunga sanduku la Kagio. Niseme ukweli, nililia kidogo. Nilikuwa naitaka ile kazi kuliko kitu chochote nilichowahi kukitaka, na shati lile lilikuwa jeupe kweli.

Jumapili, 20 Februari

Sanduku nimelifungua. Mwenye kampuni alipita nyumbani kabla ya ibada. Amesema hajapata kuona mtu anayefuatwa na kanga hivyo, na mtu anayefuatwa anaweza pia kuwapeleka mbali. Kuanzia kesho ninaajiriwa kiwanjani kuondoa ndege njiani. Mama aliuliza cheo. Mwenye kampuni hakuwa amefikiria cheo. Nikamsaidia: Mkuu wa Ndege.

Kanisani Mama alisimama kutoa shukrani. Akasema mwanawe sasa ni mkubwa wa ndege zote za kiwanja, hata ile anayoendesha kijana wa Murang'a. Watu wakageuka kunitazama. Nilipaswa kumsahihisha, ni ndege wote. Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu, nikapokea mikono.

Jumatatu, 21 Februari

Siku ya kwanza kazini, na hakuna ndege hata mmoja. Mtikisiko wa Jumamosi umewahamisha. Nilizunguka kiwanja kizima na fimbo yangu mpya. Kapteni Ireri alitazama kiwanja kitupu akasema vizuri sana, basi labda kazi hii ilikuwa ya siku moja.

Siku moja! Mkuu wa Ndege asiye na ndege ni mtu wa Kagio. Lakini kichwa changu hakilali. Kesho Gatimu anarudi na watalii wake wa kwanza, na mwenye kampuni atakuja kuwapokea. Kanga wakiwepo kidogo tu, kando, halafu mimi nitokee niwaondoe mbele ya macho yake, hakuna atakayezungumza tena habari ya siku moja. Nimempelekea Gicheru salamu aniletee chenga za mchele kutoka Kagio, gunia zima. Mahindi yalikuwa kosa, yanaonekana. Mchele ni mweupe, Kapteni atadhani ni changarawe.

Jumanne, 22 Februari

Naandika nikiwa kiwanjani. Mchele umefika, nimeumwaga wote, mpango unakwenda barabara. Kanga wamerudi, na wameleta korongo, ambao sikuwaalika. Mwenye kampuni ameketi. Injini ya Gatimu naisikia kutoka upande wa Mweiga. Filimbi ya kuwaitia nimeisahau nyumbani, lakini si neno. Nitasimama katikati ya njia niwaite kwa sauti, watakuja kwangu wote.